Eric Liddell: zaidi ya Jumapili moja



Huenda umekwisha kusikia habari za Eric Liddell katika mahubiri ya vijana. Kwa kawaida husimuliwa kwa ufupi: mkimbiaji Mskoti alikataa kukimbia siku ya Jumapili kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris, na Mungu akamlipa medali ya dhahabu katika mbio nyingine. Kisha mhubiri huwaambia vijana kwamba wakimheshimu Mungu, wao pia watapata medali yao.

Sehemu ya kwanza ya habari hiyo ni kweli. Lakini maisha ya mtu huyu hayakuishia Paris. Aliishi zaidi ya miaka ishirini baada ya siku ile, na akafa akiwa na umri wa miaka 43 ndani ya kambi, mbali na mke wake na watoto wake. Tukikata habari yake katikati, tutawafundisha vijana somo ambalo maisha yake hayakulifundisha. Kwa hiyo leo tuisome yote, toka mwanzo hadi mwisho.

Mtoto wa wamisionari

Eric Henry Liddell alizaliwa tarehe 16 mwezi wa kwanza mwaka 1902 katika mji wa Tientsin, kaskazini mwa China. Leo mji huo huandikwa Tianjin. Wazazi wake, James na Mary, walikuwa Waskoti waliotumwa na Shirika la Misioni la London. Eric alikuwa mtoto wa pili wa kiume.

Alipokuwa na miaka mitano, familia ilikwenda Uskoti kwa likizo. Wakati wa kurudi China ulipofika, Eric na kaka yake Robert waliachwa Uingereza katika shule ya bweni ya watoto wa wamisionari, ambayo baadaye iliitwa Eltham College. Eric alikuwa na miaka sita tu. Ndiyo ilikuwa desturi ya wamisionari wengi wa wakati ule. Watoto walikua wakiandikiana barua na wazazi, na kuonana nao baada ya miaka mingi. Tukumbuke jambo hili, kwa sababu mwishoni mwa maisha yake Eric atakutana na watoto waliotengwa na wazazi wao, naye atajua wanaumwa wapi.

Shuleni alionekana kuwa kijana mpole, asiyesema sana, lakini miguu yake ilijulikana haraka. Alikuwa nahodha wa timu ya raga na ya kriketi. Mwaka 1920 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusoma sayansi. Kule alicheza raga hata akaitwa katika timu ya taifa ya Uskoti, akaichezea mara saba katika mwaka 1922 na 1923. Kisha akaiacha raga ili ashike mbio.

Namna yake ya kukimbia haikuwa nzuri kutazama. Mikono ilitupwa huku na huku, magoti yalipanda juu, na karibu na mwisho kichwa kililala nyuma na kinywa kikawa wazi. Walimu wa mbio wasingeweza kuifundisha. Lakini mwaka 1923, kwenye mashindano ya taifa mjini London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.7. Rekodi hiyo ya Uingereza ilidumu kwa miaka mingi.

Mwezi wa saba wa mwaka uleule, katika mji wa Stoke, alikuwa katika mbio za yadi 440. Hatua chache baada ya kuanza, mkimbiaji mwingine alimgonga, akaanguka nje ya njia. Aliposimama, wenzake walikuwa wamemtangulia kama yadi 20. Angeweza kuondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi njiani, akawafuata mmoja mmoja, akashinda, kisha akaanguka chini kwa uchovu.

Mwaka huohuo kulitokea jambo jingine ambalo magazeti ya michezo hayakuliona kuwa kubwa. Mwinjilisti kijana, D. P. Thomson, alimwomba aje kushuhudia mbele ya wanaume wa Armadale, mji wa wafanyakazi wa migodi. Eric hakuwa msemaji. Aliogopa kusimama mbele ya watu kuliko kusimama kwenye mstari wa kuanzia. Lakini alikubali, na toka siku ile hakuacha kushuhudia. Mahubiri yake yalikuwa mafupi, ya maneno rahisi, bila makelele. Watu walikuja kumwona mkimbiaji, wakarudi nyumbani wakiwaza juu ya Kristo.

Uamuzi wa Paris

Sasa tuje kwenye Paris. Filamu maarufu ya mwaka 1981 inaonyesha kana kwamba Liddell aligundua habari za Jumapili akiwa anapanda meli ya kwenda Ufaransa. Haikuwa hivyo. Ratiba ilijulikana miezi mingi mapema. Michujo ya meta 100 iliwekwa Jumapili, tarehe 6 mwezi wa saba 1924. Meta 100 ndizo zilikuwa mbio zake, na Uingereza yote ilimtegemea. Alisema hatakimbia. Mbio za kupokezana vijiti, meta 100 mara nne na meta 400 mara nne, nazo ziliangukia Jumapili. Akaziacha pia. Waingereza walipata medali katika zote mbili bila yeye.

Wengi walimlaumu, na wapo waliosema kwamba anaisaliti nchi. Hakujibizana nao wala hakuwahukumu wenzake waliokimbia siku hiyo. Hakuandika barua kwa magazeti kuonyesha utakatifu wake. Alichokifanya ni kurudi mazoezini pamoja na mwalimu wake Tom McKerchar, wakaanza kujiandaa kwa meta 200 na meta 400, ambazo hazikuwa na Jumapili ndani yake.

Kwa mtu asiyejua mbio, meta 100 na meta 400 huonekana kama jambo moja lenye urefu tofauti. Sivyo. Katika meta 100 mtu hutoa nguvu zake zote mara moja, na katika sekunde kumi na kidogo amekwisha. Katika meta 400 nguvu humwisha mtu kabla ya mbio kwisha. Miguu hulemea, kifua huwaka, na wakimbiaji wa siku zile walijifunza kujizuia mwanzoni ili wabakize kitu cha mwisho. Liddell alikuwa na miezi michache tu ya kujifunza jambo hilo.

Jumapili ile ya michujo alikuwa kanisani. Kesho yake, mwenzake Harold Abrahams alishinda meta 100. Tarehe 9 Liddell alipata medali ya shaba katika meta 200, nyuma ya Wamarekani wawili, Jackson Scholz na Charley Paddock.

Kisha zikaja meta 400, mbio nne katika siku mbili. Katika mchujo wa kwanza alitumia sekunde 50.2, katika robo fainali 49.3, katika nusu fainali 48.2. Alikuwa akiongeza mwendo, lakini wengine walikimbia zaidi yake: Josef Imbach wa Uswisi alikuwa amefikisha 48.0, na Horatio Fitch wa Marekani 47.8. Siku ya fainali, tarehe 11, mmoja wa watu waliowahudumia wakimbiaji wa Uingereza alimpa kikaratasi chenye kumkumbusha ahadi iliyo katika Samweli wa kwanza, sura ya 2, mstari wa 30. Ni ahadi ya Mungu juu ya wale wanaompa heshima.

Alipangiwa njia ya nje kabisa, ya sita, ambapo mtu hawaoni wenzake hata kidogo. Akaamua kutojizuia. Alikimbia nusu ya kwanza kwa sekunde 22.2, kama mtu anayekimbia meta 200 peke yake. Watu walifikiri ataanguka kabla ya mwisho. Fitch alianza kumkaribia, lakini katika meta za mwisho kichwa cha Liddell kililala nyuma na mwendo ukaongezeka. Alimaliza kama meta tano mbele, kwa sekunde 47.6. Fitch alikuwa wa pili, na Mwingereza Guy Butler wa tatu. Muda ule ulikuwa rekodi mpya ya Olimpiki, na ilidumu miaka minane, hadi michezo ya Los Angeles mwaka 1932.

Siku chache baadaye alihitimu Edinburgh. Wanafunzi walimbeba mabegani barabarani. Alikuwa na miaka 22, na hakukuwa na mtu Uskoti asiyejua jina lake.

Kuondoka

Hapa ndipo mahubiri yetu mengi huishia. Lakini tujiulize: kama medali ile ilikuwa malipo ya utii, mbona mtu aliyelipwa hakukaa ale malipo yake? Angeweza kukimbia tena katika Olimpiki ya 1928. Angeweza kupata kazi nzuri na heshima ya maisha yote. Yeye alisoma theolojia kwa mwaka mmoja, na mwaka 1925 alipanda gari moshi kupitia Siberia kurudi mahali alipozaliwa. Umati ulimsindikiza hadi kituoni ukiimba nyimbo za kanisa.

Huko Tientsin alifundisha sayansi katika shule ya misioni ya wavulana Wachina, akawafundisha michezo, na akasimamia shule ya Jumapili. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na zaidi, bila magazeti. Mwaka 1932, akiwa likizoni Uskoti, aliwekewa mikono kuwa mchungaji. Mwaka 1934 alimwoa Florence Mackenzie, binti wa wamisionari kutoka Kanada. Mungu akawapa mabinti wawili.

Mwaka 1937, wakati Japani ilipoivamia China, shirika lake lilihitaji mtu wa kwenda vijijini, Siaochang, mahali ambapo baba yake alitumika zamani na ambapo kaka yake Robert alikuwa daktari. Familia haikuruhusiwa kumfuata kwa sababu ya vita. Liddell alisitasita kwa muda mrefu na kuomba, kwa kuwa alipenda ualimu na hakujiona mwinjilisti wa vijijini. Mwishowe alikwenda. Alizunguka kwa baiskeli na kwa miguu kati ya majeshi ya pande mbili, akipekuliwa vizuizini. Wanakijiji walimwita Mchungaji Li.

Mwaka 1939 alisikia kwamba askari Mchina aliyejeruhiwa amelazwa hekaluni kwa siku kadhaa, na watu wanaogopa kumsaidia, maana Wajapani wangewaadhibu. Liddell alitafuta mwenye mkokoteni, wakaenda kumchukua. Njiani waliambiwa kuhusu mtu wa pili, aliyepigwa upanga shingoni na askari wa Japani akaachwa kama maiti. Wakambeba naye, wakawafikisha wote wawili hospitalini Siaochang. Askari alifariki baada ya siku mbili. Yule wa pili alipona. Alikuwa mchoraji, na kwa shukrani alimchorea Liddell picha ya ua.

Ndugu zangu wa mashariki mwa nchi yetu hawahitaji maelezo mengi juu ya safari kama hiyo. Wanajua maana ya kupita barabarani na majeruhi usiyemjua, huku kila upande unaweza kukuita adui.

Kambi

Mwaka 1941 hali iliharibika kabisa. Florence alikuwa mjamzito, na wakaamua aende Kanada pamoja na watoto. Liddell alibaki ili kazi isikose watu, wakitumaini kuonana upesi. Binti yao wa tatu alizaliwa huko Kanada mwezi wa tisa. Baba yake hakumwona hata siku moja.

Mwezi wa tatu 1943 Wajapani waliwakusanya raia wa nchi adui katika kambi ya Weihsien, katika jimbo la Shandong. Mahali pale palikuwa zamani misioni ya Wapresbiteri wa Marekani. Zaidi ya watu 1500 walibanwa ndani ya kuta: wafanyabiashara, mapadre, wamisionari, walevi, wazee, na watoto wengi. Baadhi ya watoto hao walikuwa wa shule ya misioni ya Chefoo, waliokamatwa pamoja na walimu wao, na wazazi wao walikuwa mbali. Walikuwa watoto kama Eric alivyokuwa mwaka 1908.

Aliwafundisha sayansi bila vifaa, akiwachorea vyombo vya maabara kwa mkono. Aliwabebea maji wazee. Aliongoza mafunzo ya Biblia na kuandaa michezo, akarekebisha fimbo za hoki zilizovunjika. Watoto walimwita mjomba Eric. Kambi ilijaa ugomvi juu ya vyumba, chakula na zamu za kazi, hata kati ya wamisionari wenyewe. Waliokuwamo walikumbuka baadaye kwamba ni vigumu kupata mtu aliyemsema vibaya Liddell.

Ni katika kambi hiyo lilipotokea jambo ambalo sisi wahubiri tunalisahau. Mwanzoni hapakuwa na michezo iliyopangwa siku ya Jumapili, kama Liddell alivyoamini siku zote. Lakini watoto hawakuwa na wazazi, hawakuwa na mahali pa kwenda, na Jumapili alasiri ilikuwa ndefu. Baadhi yao waliamua kucheza hoki wenyewe, bila mwamuzi, na mchezo ukageuka kuwa ugomvi wa kupigana. Liddell aliwaza jambo hilo. Jumapili iliyofuata alionekana uwanjani akiwa mwamuzi wao.

Mtu aliyekataa kukimbia Jumapili kwa ajili ya medali alisimama uwanjani Jumapili kwa ajili ya watoto wasio na wazazi. Je, alibadilika? Wengine watasema ndiyo, kwamba kambi ilimlegeza. Mimi ninaona vingine. Kule Paris waliomtaka akimbie walikuwa wenye vyeo na taifa lenye kutafuta sifa, na faida ingekuwa yake mwenyewe. Kule Weihsien waliomhitaji walikuwa wadogo, na hakuna sifa iliyotoka hapo. Yule aliyeweza kuwakatalia wakubwa ndiye aliyeweza kuwakubalia wadogo, na moyo uliofanya hivyo ulikuwa mmoja. Yesu mwenyewe, katika Marko sura ya 2 na ya 3, aliishika Sabato kwa namna hiyo: alikwenda sinagogi, na humohumo akamponya mwenye mkono uliopooza.

Jambo la pili alilowafundisha vijana wa kambi ni kuwaombea Wajapani. Alifundisha sana juu ya Mahubiri ya Mlimani, na hakuruka amri ya kuwapenda adui. Kijana mmoja aliyesikia mafundisho hayo alianza kuomba hivyo, ingawa moyo wake ulikataa. Wiki chache kabla ya kufa, Liddell alimpa kijana huyo viatu vyake vya mbio, vilivyochakaa na kushonwashonwa, kwa kuwa kulikuwa baridi kali na kijana hakuwa na viatu. Baada ya vita kijana yule alikwenda Japani kuwa mmisionari, akatumika huko miaka mingi.

Mwisho wa mbio

Mwishoni mwa 1944 Liddell alianza kuumwa kichwa na kukosa nguvu. Alisikitika moyoni, akajilaumu kwamba imani yake inashindwa kuibeba huzuni ile. Madaktari wa kambi walifikiri ni uchovu wa kazi nyingi. Kumbe ulikuwa uvimbe katika ubongo. Tarehe 21 mwezi wa pili 1945 aliandika barua fupi kwa mke wake, na jioni ya siku hiyo akafariki. Miezi sita baadaye, mwezi wa nane, askari wa Marekani waliruka kwa miavuli na kuifungua kambi.

Alizikwa hapohapo, chini ya msalaba wa mbao ambao jina lake liliandikwa kwa rangi ya kung'arisha viatu. Habari ilimfikia Florence Kanada mwezi wa tano. Kaburi lilipotea machoni pa watu kwa miaka mingi, na mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilisimamisha pale jiwe la kumbukumbu lililoletwa kutoka Uskoti.

Wapendwa, tukiwaambia vijana kwamba Liddell alimtii Mungu akapata dhahabu, kijana atakayetii na kukosa kazi, kukosa mchumba au kupoteza ndugu vitani atafikiri Mungu amemdanganya, au kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Lakini tukiwasimulia habari yote, watamwona mtu aliyemtii Mungu alipopata medali na alipokosa kila kitu. Paris alishinda. Weihsien hakurudi nyumbani. Mungu alikuwa mwaminifu mahali pote pawili, na heshima iliyoahidiwa katika Samweli wa kwanza haipimwi kwa saa ya mwamuzi.

Kwa viongozi wa vijana ninaomba jambo moja. Mtakapojadili tena mpira wa Jumapili katika kanisa lenu, na ninajua mtaujadili, msianze na swali la kwamba inaruhusiwa au haruhusiwi. Anzeni na maswali mawili ya Liddell: ninafanya hivi kwa ajili ya sifa ya nani? Na ni watoto gani walio peke yao uwanjani bila mtu wa kuwaangalia?

Bwana atupe neema ya kumaliza mbio. Amina.